Pemba, Mafia, Unguja au hapa hapa ziwani? Kisa cha watu sita wa Kigoma waliotafuta pa kuzamia

Anayepanga safari ya kuzamia kwa mtungi huanza kwa kuuliza: twende wapi? Katika kisa hiki swali hilo liligombaniwa kwa miezi, likaja kupata jibu baada ya mambo mengine mawili kuamuliwa: mwezi wa safari, na hali ya yule aliye dhaifu kuliko wote majini. Kisha likafuata la tatu, njia ya kurudi Kigoma. Hilo la tatu mtu wa pwani hana haja ya kulifikiria. Sisi tunaoishi bara, juu ya usawa wa bahari, tunayo.

Nilifuatilia maandalizi yao tangu mikutano ya mwanzo na nikazungumza na kila mmoja baada ya safari. Majina nimeyaondoa, kazi nimezibadilisha, mwaka siutaji.

## Wahusika

Ni sita, wakazi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, waliokuwa wakichangiana kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya safari moja. Nitawaita Mwalimu, Muuguzi, Fundi, Mhasibu, Mama Mdogo (ni mama mdogo wa Muuguzi kweli, na wenzake wote walimwita hivyo) na Kijana, ambaye ni mdogo kuliko wote kwa umri na mkubwa kuliko wote majini.

Mwalimu, Muuguzi na Fundi walikuwa na cheti cha ngazi ya kwanza, kinachomruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Walikipata humu humu ziwani, kwa mkufunzi mgeni aliyekuja na mitungi na mashine yake ya kujazia hewa, akakaa wiki chache, akaondoka nayo. Tangu hapo hawakuzamia tena. Kijana alikuwa na cheti cha mita 30 na amewahi kufanya kazi pwani msimu mmoja. Mhasibu anaogelea vizuri lakini hajawahi kuvaa mtungi. Mama Mdogo amezaliwa Ujiji, akakulia hatua chache kutoka majini, na hajui kuogelea. Hilo si ajabu huku: wasichana wengi wa rika lake walitumwa ziwani kufua na kuchota maji, michezo ya majini ikabaki ya kaka zao.

## Hoja zilizokuwa mezani

Kijana alitaka Pemba. Mkondo wa bahari kati ya kisiwa hicho na bara una kina cha mamia ya mita, na miamba ya upande wa magharibi, Misali na kwingineko, inaporomoka wima hadi gizani. Maji ni meupe, samaki ni wakubwa, na mkondo unaweza kukubeba kilomita nzima huku hujapiga hata pezi moja. Alikuwa na picha kwenye simu na alizionyesha kila kikao.

Mhasibu alitaka Mafia kwa sababu moja tu, papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe anayekula vijidudu na dagaa wadogo na hana habari na binadamu.

Mama Mdogo alisema Unguja. Ana ndugu kule, malazi yangekuwa ya bure, na maji ya Mnemba, kisiwa kidogo cha jirani, yanamfaa hata anayeelea tu na miwani na mrija. Mwalimu, ambaye anafundisha historia, alimuunga mkono kwa sababu zake mwenyewe: nje ya Mji Mkongwe kuna mabaki ya manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa na meli ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg nayo iliishia kwenye delta ya Rufiji mwaka uliofuata, na mmoja wa mizinga yake ukaletwa kwa reli hadi Kigoma, ukafungwa kwenye Graf von Goetzen, meli tunayoijua leo kwa jina la Liemba. Kwa Mwalimu, kuiona Pegasus kungekuwa kama kumtembelea shemeji. Kijana alimkata kauli: mabaki hayo yako chini kuliko mita 18, cheti chako hakifiki.

Hapo Mwalimu akageuka na kutoa hoja ambayo mimi naiona ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, ingawa ilishindwa. Kwa nini tuondoke? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato wa mawe, na wengi wao hawapatikani popote pengine. Watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni, sisi tunawaona kwenye mwamba wa mita tano. Maji hayana chumvi, hayana mkondo wa kutisha, na kiangazi unaona mbali. "Nilipe nauli nikatazame samaki wa watu?"

Haikushindwa kwa uzuri. Ilishindwa kwa sababu wakati ule kikundi hakikupata mtu wa kuwajazia mitungi mjini, na kwa sababu mzamiaji akipata ugonjwa wa mgandamizo huku (ule wa mapovu mwilini, nitaueleza mbele), chumba cha kumtibu kiko mbali mno, upande wa pili wa nchi. Fundi aliongeza sababu ambayo haikuhitaji ushahidi: "Mwalimu, ziwa nimezaliwa nalo. Mimi nataka kuonja chumvi."

Bahari ya Shamu upande wa Misri ilitajwa jioni moja. Wenye pasipoti walikuwa wawili. Haikutajwa tena.

## Uamuzi wa kwanza: mwezi

Mwalimu hapati nafasi isipokuwa shule zikifungwa, yaani Juni au Desemba. Wengine walishaomba likizo za Juni kabla hata hawajakubaliana mahali, kwa hiyo Juni ikawa imejichagua.

Juni pwani ni kusi. Upepo huo huanza kushika Aprili au Mei na kuendelea hadi karibu Septemba. Bahari ya nje ya miamba inachafuka, boti ndogo zinabaki ndani, na maji yanapoa hadi kama nyuzi 25. Unaweza kuzamia, ghuba ya Chole kule Mafia imekingwa na mwamba, na watu huzamia humo hata kusi likiwa kali. Lakini miamba ya nje, ambayo ndiyo inamfanya mtu asafiri kutoka Kigoma, mara nyingi haifikiki. Na potwe hawaonekani. Wanaonekana kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Tafiti za vifaa vya kufuatilia zimeonyesha kwamba wengi hawaendi mbali miezi mingine, wanashuka chini au kusogea nje kidogo, lakini kwa anayeelea juu na mrija hilo halimsaidii kitu.

Basi wakahamishia Desemba, wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa. Kaskazi limeanza, maji yana joto la nyuzi 28 hivi, mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha, na bei za Krismasi hazijapanda. Waliohitaji kurudi ofisini kubadili likizo walinung'unika. Mhasibu alilazimika kumbembeleza mkuu wake, na Desemba ni mwezi mbaya kwa mhasibu yeyote kuomba ruhusa.

Uamuzi huu mmoja uliondoa nusu ya ubishi. Mpaka hapo bado hawakuwa wamechagua mahali.

## Uamuzi wa pili: fomu ya afya

Muuguzi aligoma kuendelea mpaka kila mtu ajaze fomu ya maswali ya afya ambayo vituo vya kuzamia hutoa. Wengine waliona ni urasimu. Mhasibu alijaza kwa kweli: alikuwa na pumu utotoni, na kiangazi vumbi likizidi bado anatumia pampu.

Daktari aliyemwona alimkatalia mtungi. Sababu ni rahisi kuielewa. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa uliyovuta pale, ukipanda nayo hadi juu bila kuitoa, inataka kuchukua nafasi mara mbili. Mtu mzima wa afya anaitoa tu kwa kupumua. Njia za hewa zikibana, kiasi kinanaswa ndani ya pafu, na pafu linaweza kupasuka hata kwenye kina kifupi.

Ilikuwa habari mbaya, na ilipokelewa hivyo. Mhasibu alisema atajitoa arudishiwe mchango wake. Kisha Kijana, mpinzani wake mkubwa, akamkumbusha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: potwe hawazamiwi kwa mtungi. Mafia watu huwaona kwa miwani, mrija na mapezi, kwa sababu wanakula karibu na uso wa maji. Kitu alichokitaka Mhasibu kuliko vyote hakikuhitaji mtungi.

Hapo Mafia ikapata kura. Mama Mdogo naye angeweza kuelea na jaketi lake la kuokolea. Unguja ingewafaa hao wawili pia, lakini Mnemba boti ni nyingi na Kijana asingeikubali. Pemba ilianguka kwa sababu iliyoeleweka bila maneno mengi: wazamiaji watatu kati ya wanne wana cheti cha mita 18 na hawajawahi kuzamia kwenye maji yanayokwenda. Kijana alinuna wiki mbili. Akaridhishwa kwa ahadi ya Kinasi, mlango wa bahari unaoingia ghuba ya Chole, ambako kuna kina na mkondo wa kumtosha.

## Mazoezi ziwani

Bila mitungi walifanya walichoweza. Kila Jumapili walikwenda ufukwe wa mchanga nje ya mji, penye mawimbi, mbali na matete na maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Mama Mdogo alijifunza kuelea chali, kisha kupumua kwa mrija. Alichukua muda mrefu kuliko walivyotarajia na akaishia kuwa mtulivu kuliko Fundi. Muuguzi alipanga wote wanywe dawa ya kichocho wiki sita hivi baada ya zoezi la mwisho. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, kuinywa kesho yake ni kazi bure.

Jambo moja halikufanyika. Fundi alikuwa na daftari lake la mafunzo, limeandikwa uzito aliofunga kiunoni ili aweze kuzama: kilo 5 za risasi. Akalichukua kama lilivyo.

## Uamuzi wa tatu: njia ya kurudi

Hapa ndipo kisa kinapotofautiana na vingine.

Mzamiaji akiwa chini, naitrojeni ya hewa anayovuta huingia kwenye damu na misuli kwa wingi kuliko kawaida. Akipanda taratibu inatoka bila shida, lakini nyingine hubaki mwilini kwa saa nyingi. Akienda mahali penye mgandamizo mdogo kabla haijaisha, inaweza kutoka kwa mapovu: maungo yanauma, mwili unakufa ganzi, wakati mwingine ni hatari zaidi ya hapo. Ndiyo maana wazamiaji wanaambiwa wasipande ndege mapema. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja, angalau 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, na vituo vingi vinasema 24 ili kumaliza ubishi.

Mpango wa kwanza wa kikundi ulikuwa hivi: hatupandi ndege, tunarudi kwa treni, kwa hiyo tunaweza kuzamia hadi asubuhi ya kuondoka. Ni kosa la kueleweka. Neno "ndege" kwenye onyo linawafanya watu wadhani hatari iko kwenye ndege, kumbe iko kwenye urefu kutoka usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Tabora ni kama 1,200. Kigoma yenyewe, kwenye maji ya ziwa, ni kama mita 770. Mwongozo wa ndege umeandikwa kwa urefu unaoanzia mita 600 hivi, kwa hiyo Dodoma na Tabora zimo. Na treni ya mwendokasi, ambayo ni jambo jema kwa nchi, inakupandisha kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa nne hivi. Zamani garimoshi lilikupa karibu siku nzima ya kutoa naitrojeni njiani bila wewe kujua.

Muuguzi ndiye aliyeliona, akitazama ramani ya reli ukutani kwa Mwalimu. Walikaa na karatasi wakapanga upya, na matokeo yaliwashangaza.

Njia ghali ilikuwa ndege ndogo kutoka Mafia, nusu saa hivi hadi Dar es Salaam. Ndani ya ndege hizo hewa haidhibitiwi kama kwenye ndege kubwa. Unapata mgandamizo wa urefu uleule unaoruka. Kwa kuondoka Ijumaa asubuhi, mbizi ya mwisho ilibidi iwe Alhamisi mapema, au Jumatano kwa anayetaka usalama kamili. Njia rahisi ilikuwa boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kisha gari hadi Dar es Salaam, kulala, na treni Jumamosi asubuhi. Ni safari ya kuchosha. Lakini yote iko usawa wa bahari. Saa za boti, za gari na za usingizi zinahesabika kama mapumziko. Mzamiaji angemaliza mbizi yake Alhamisi adhuhuri na kufika Dodoma zaidi ya saa 40 baadaye. Njia ya bei ndogo iliwapa nusu siku zaidi majini.

Watano waliichagua njia hiyo. Fundi alishindwa. Alikuwa amenunua tiketi ya ndege ya Dar es Salaam hadi Kigoma kwa bei ya ofa tangu Agosti, ya Alhamisi jioni, isiyobadilishwa wala kurudishwa. Ili aiwahi ilimlazimu aondoke Mafia Alhamisi asubuhi kwa ndege ndogo, na mbizi yake ya mwisho ikawa Jumanne.

## Mafia

Walifika Jumamosi na kupanga Utende, kwenye ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ada yake hutozwa kila mtu anayeingia eneo hilo, kwa kila saa 24, azamie asizamie. Raia analipa kidogo sana kuliko mgeni, lakini watu sita mara siku zote ilikuwa fedha ambayo bajeti haikuitaja.

Jumapili walikwenda kuwatafuta potwe. Walizunguka mbele ya Kilindoni asubuhi yote, jua likawaunguza, hawakuona kitu. Mama Mdogo alitapika. Kiongozi aliwaambia ukweli: wiki ile yote walikuwa wameonekana, leo hawapo, bahari si bustani.

Jumatatu, mbizi ya kwanza ndani ya ghuba, mita 12. Wote walishuka isipokuwa Fundi, aliyebaki juu akipiga mapezi hewani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia mbili na nusu hivi. Mtu na vifaa vyake wakiwa na ujazo wa lita 100, bahari inamsukuma juu kwa kilo mbili na nusu zaidi ya Tanganyika. Kilo 5 zilizomtosha Kigoma hapa zilimfanya boya. Waliporudi kwenye boti kuongeza risasi alikuwa ameshakula robo ya mtungi kwa kuhangaika. Mwalimu na Muuguzi walikuwa wameshauriwa na kiongozi ufukweni wakaongeza mapema, Fundi alimwambia kiongozi, "Mimi najijua."

Kisha likaja suala la maji kujaa na kupwa. Hakuna mtu wa Kigoma anayeliwaza, kwa sababu ziwa letu halijai wala halipwi. Walikuwa wamechagua tarehe kwa kalenda ya shule, na zikaangukia bamvua, siku za mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji pwani hii hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa alfajiri na tena alasiri karibu na saa kumi, na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Walikuwa wamelipia mbizi za asubuhi. Asubuhi maji yalikuwa yanatoka, yakizoa mchanga na tope la ghuba nzima kwenda nje, na mbizi zao mbili zilikuwa za kuona mita tano au sita. Ziwani Kigoma wangeona mbali zaidi.

Jumanne kiongozi aliwahamishia mchana. Maji yanayoingia kutoka bahari kuu ni safi, na Kinasi huzamiwa wakati huo, kwa sababu mkondo ukikushinda unakusukuma ndani ya ghuba badala ya kukutoa nje. Mwalimu alibaki juu, mafua ya safari yalikuwa yameziba masikio, na Muuguzi alimkataza kumeza dawa ya kuyafungua ili ashuke. Fundi alishuka mbizi ya ndani na kiongozi mwingine, sasa akiwa na risasi za kutosha, na akafurahi kweli. Kijana na Muuguzi walikwenda Kinasi. Waliona kasa, taa na chewa mkubwa kama debe, kisha mkondo wa bamvua ukashika. Muuguzi alianza kuhema. Hesabu yake ni hii: mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Ukiacha akiba ya baa 50, zinabaki 1,800. Anayehema lita 25 kwa dakika juu, akiwa mita 18 anatumia karibu mara tatu, lita 70, na mtungi unamtosha dakika 25 hivi. Alionyesha ishara ya nusu mtungi mapema kuliko Kijana alivyotegemea, kiongozi akafunga mbizi, wakapanda wote. Kijana hakufurahi, lakini hakubisha.

Jumatano waliwapata potwe, wawili. Mhasibu aliingia majini mara tatu. Maji yalikuwa ya kijani na mazito ya vijidudu, na hilo ndilo linalowaleta papa hao. Anayetaka maji meupe na potwe kwa pamoja anaomba vitu viwili vinavyokatazana. Mama Mdogo aliingia mara moja, ameshikwa mkono na kiongozi. Alipoulizwa na Muuguzi kwenye boti, alijibu, "Mwanangu, usiniulize kwanza."

Alhamisi mbizi mbili, za mchana, ghuba ikiwa safi. Hakuna aliyeumwa safarini wala baada ya kurudi.

## Uchambuzi

Kilichokiokoa kikundi hiki ni fomu ya afya, na si kwa usalama peke yake. Ilibadilisha swali. Mpaka fomu zilipojazwa walikuwa wakilinganisha sehemu kwa picha. Baada yake walianza kuuliza ni sehemu gani inampa kila mmoja kitu. Aliyekatazwa mtungi ndiye aliyerudi na furaha kuliko wote. Kama wangekwenda Pemba, Mhasibu na Mama Mdogo wangelipa nauli ya kukaa ufukweni.

Kuhamisha Juni hadi Desemba kulikuwa na gharama ya kibinadamu ambayo wanakikundi wanaisahau wakisimulia. Mimi bado naona ilikuwa sahihi. Juni wangepata ghuba tu.

Bamvua ilikuwa upungufu wa maandalizi. Si lazima kuikimbia. Wengine huipenda kwa ajili ya mkondo. Lakini mwenye cheti cha mita 18 aliyejifunzia ziwani anafaidika zaidi na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo maji hayaendi kwa nguvu. Wangesogeza safari kwa wiki moja ndani ya likizo ileile ya Desemba wangezipata, na kuliona hilo kunahitaji kalenda yenye alama za mwezi, siyo zaidi. Na kama tarehe haisogei, uliza saa za mbizi kabla ya kulipa.

Malazi nayo. Potwe wa Mafia hukaa mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi. Kikundi kililala Utende siku zote, kikalipa ada ya hifadhi hata siku za potwe, na kusafiri kama kilomita 15 kila upande. Kulala Kilindoni siku mbili za mwanzo, ambako nyumba za wageni ni rahisi, kisha kuhamia Utende kwa ajili ya mitungi, kungepunguza ada, na kungempa Mama Mdogo tumbo la asubuhi lisilotikiswa na gari kabla ya boti.

Tiketi ya Fundi inazungumzwa sana kwenye kikundi, kwa mizaha isiyompendeza. Aliokoa fedha Agosti, akapoteza siku ya Jumatano na ya Alhamisi kwenye maji aliyoyalipia mwaka mzima. Ratiba ya mbizi ilitakiwa itangulie, tiketi ifuate. Kuhusu risasi zake simlaumu sana. Daftari lilisema kilo 5 na lilikuwa kweli, ziwani. Mkufunzi anayetoa vyeti kwenye maji yasiyo na chumvi, kwenye urefu kama wetu, angepaswa kuandika pembeni kwamba namba hiyo haivuki Tabora.

Swali la Mwalimu kuhusu ziwa sioni kama lilijibiwa. Lilishindwa kwa mitungi na kwa umbali wa matibabu, na hayo mawili yanaweza kubadilika. Siku mtu akiweka mashine ya kujazia hewa mjini na kubaki nayo, hesabu itakuwa tofauti, ila kompyuta ya kuzamia itabidi ipangwe kwa urefu wa mita 770, maana majedwali ya bahari hayaendi sawa huku.

Kijana anashikilia kwamba alionewa. Ana nusu ya haki. Mwenye uwezo mkubwa kwenye kikundi mchanganyiko hulipa sawa na wengine na kupata kidogo. Lakini pendekezo lake la kujitenga siku mbili kwenda Pemba peke yake lilikuwa na shimo: kule angezamia na nani? Mwenzako wa mbizi ni mtu unayemjua pumzi zake, na Kinasi ilionyesha kwamba hata Muuguzi, anayemjua vizuri, alimaliza hewa mapema kuliko alivyokisia. Amekwisha andika safari ya Pemba ya Februari kwenye daftari la michango, na amepewa sharti moja: atafute mwenzake mwenye cheti cha mita 30. Muuguzi ameshauliza bei ya kozi.